Idrija, Mji wa Zebaki, na Neli Inayohisi Pumzi

Zebaki si mgeni kwetu. Wengi waliiona ndani ya kipimajoto cha kioo pale zahanati. Wenyeji wa Geita, Kahama na Chunya wameiona mikononi mwa wachimba dhahabu wadogo, ikiviringika kama shanga zisizo na tundu. Ni madini, nayo ni maji. Ukiimwaga mezani hailoweshi meza, bali hukimbia huku na huku. Chupa ya nusu lita ikijazwa zebaki huwa na uzito wa karibu kilo 7, kwa maana zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi. Tena ina tabia nyingine, nayo ndiyo asili ya habari yetu ya leo: hupitisha umeme kama waya upitishavyo, ingawa si vizuri kama shaba.

Leo twende mpaka Idrija, mji mdogo wa Slovenia huko Ulaya, tuone mahali ambapo zebaki ilichimbwa kwa muda wa miaka 500. Toka huko tutaifuata mpaka ndani ya neli nyembamba ya mpira, ambamo ilipewa kazi ya ajabu ya kuhisi damu na pumzi ya mwanadamu. Mwisho tutaona jinsi kazi hiyo hiyo inavyofanywa siku hizi na maji ya chumvi, kitu ambacho hakuna nyumba inayokikosa.

Mji wa bondeni

Slovenia ni nchi ndogo iliyo kati ya Italia, Austria, Hangaria na Kroatia. Mji wake mkuu ni Ljubljana. Ukitoka Ljubljana kwa motokaa kuelekea magharibi, unakwenda kama kilomita 60 katika vilima vyenye misitu, barabara ikipinda na kupindua, hata unaona chini yako nyumba nyeupe zenye mapaa mekundu zimebanana bondeni. Katikati yapita mto Idrijca, wenye maji safi ya baridi. Hapo ndipo Idrija.

Wenyeji husimulia hivi juu ya mwanzo wa mji wao. Mwaka 1490, fundi mmoja wa kutengeneza ndoo za mbao aliloweka ndoo yake katika kijito, ili mbao zivimbe na kuziba nyufa. Alipotaka kuiondoa aliiona nzito, na ndani yake kitu cheupe king'aacho, kinachotembea kama maji. Habari haikukaa siri. Watu wakaja na majembe, na wenye fedha wakaja nyuma yao. Kanisa dogo la Utatu Mtakatifu limesimama mpaka leo mahali ambapo, kwa masimulizi hayo, fundi yule alichota zebaki ya kwanza.

Tarehe 22 Juni 1508, sikukuu ya Mtakatifu Achatius, wachimbaji walifikia mwamba uliojaa sinabari, jiwe jekundu ambalo ndilo mama wa zebaki. Tangu hapo Idrija ikawa mgodi wa zebaki wa pili kwa ukubwa duniani, nyuma ya ule wa Almadén huko Hispania. Chini ya mji zilichimbwa njia za urefu wa zaidi ya kilomita 700. Ngome ya Gewerkenegg, iliyojengwa karne ya 16 iwe ofisi na ghala ya mgodi, sasa ni nyumba ya makumbusho. Kadhalika lipo gurudumu kubwa la mti, lenye upana wa meta 13.6 toka ukingo hata ukingo, ambalo toka mwaka 1790 hata mwaka 1948 lilizungushwa na maji ya mto ili kupandisha maji yaliyojaa mgodini. Yaani walitumia maji kuyaondoa maji.

Mgeni akitaka kuingia chini, hupita katika mlango wa Antonijev rov, njia iliyoanza kuchimbwa mwaka 1500. Humpa kofia ngumu na koti, kwa maana chini kuna baridi na unyevu. Katika kuta wataonyesha mahali ambapo matone ya zebaki yametoka yenyewe mwambani, kama jasho usoni mwa mtu. Huko huko chini kuna kanisa dogo lenye sanamu ya Mtakatifu Barbara, mwombezi wa wachimba madini, na ya yule Mtakatifu Achatius. Wachimbaji walisali hapo kabla ya kushuka. Salamu yao ilikuwa neno moja tu, "Srečno", maana yake "bahati njema". Walikuwa na haja nayo.

Ugonjwa wa kutetemeka

Hatari kubwa haikuwa mwamba kuanguka, bali hewa yenyewe. Zebaki hutoa mvuke hata pasipo moto, nao hauonekani wala haunuki. Penye joto, kama katika tanuri walimochoma mawe mekundu, mvuke huzidi sana. Mtu akiuvuta siku nyingi, mate humchuruzika, ufizi huvimba, meno hulegea na kung'oka. Kisha mikono huanza kutetemeka, hata hawezi kupeleka kijiko mdomoni pasipo kumwaga.

Mwaka 1754 alifika Idrija daktari Giovanni Antonio Scopoli. Aliishi hapo miaka 15 akiwatibu wachimbaji, na mwaka 1761 alichapisha kitabu kwa Kilatini juu ya zebaki ya Idrija, ambamo aliandika maradhi ya watu wake kama alivyoyaona kwa macho yake. Hivyo ubaya wa zebaki ulijulikana waziwazi zaidi ya miaka 250 iliyopita. Mgodi haukufungwa. Dunia iliitaka zebaki kwa vioo, kwa dawa, kwa kupatia dhahabu na fedha, na baadaye kwa vyombo vya kupimia. Wanaume wakaendelea kushuka, na wanawake wakaketi nyumbani wakisuka lesi ya nyuzi nyembamba ili kuongeza kipato. Shule ya lesi ilianzishwa mwaka 1876, na hata leo watoto wa Idrija hujifunza humo.

Kazi ya zebaki ilikoma kabisa katika miaka ya 1990. Mwaka 2012, UNESCO iliiweka Idrija pamoja na Almadén katika orodha ya urithi wa dunia.

Zebaki ndani ya mpira

Sasa tuone ile kazi ya ajabu. Mwaka 1953, mtaalamu mmoja wa Uingereza, R. J. Whitney, alieleza katika jarida la elimu ya mwili chombo cha kupima jinsi mguu au mkono unavyovimba na kunywea kwa ajili ya damu. Alitwaa neli ya mpira, nyembamba sana, akaijaza zebaki, akaziba miisho yake kwa waya, akaizungusha penye mguu. Kisha akapitisha umeme kidogo sana.

Namna yake ya kufanya kazi si ngumu. Fikiri njia ya watu wendao sokoni. Njia ikiwa fupi na pana, watu hupita upesi. Ikiwa ndefu na nyembamba, husongamana na kuchelewa. Umeme nao ni vivyo hivyo. Mguu ukivimba hata kidogo, neli huvutika: huwa ndefu zaidi, na papo hapo huwa nyembamba zaidi, kwa kuwa zebaki iliyomo haikuongezeka. Kwa hiyo umeme hupata kizuizi mara mbili, kwa urefu na kwa wembamba. Neli ya sentimeta 20 ikivutwa hata 22, imeongezeka sehemu 10 katika 100, lakini kizuizi cha umeme huongezeka sehemu 21 katika 100. Ikivutwa hata iwe ndefu mara mbili, kizuizi huwa mara nne. Chombo cha umeme hukisoma kizuizi hicho, na daktari hujua mguu umevimba kiasi gani.

Ili kujua mwendo wa damu, madaktari hufunga paja kwa mfuko wa hewa, wakikaza kwa kiasi tu, damu ipate kuingia mguuni lakini isipate kurudi. Ni kama kuziba kijito upande wa chini: maji hujaa kwa kadiri ya yanayokuja. Mguu ukivimba upesi, damu inakuja vizuri. Ukivimba polepole, mishipa ina shida. Na neli kama hiyo ikizungushwa kifuani, huvutika kila mtu avutapo pumzi, na hulegea kila atoapo.

Kifaa cha namna hii huitwa kihisi, maana huhisi jambo na kutoa habari zake. Na kwa kuwa ni cha mpira na maji, huitwa kihisi laini. Waya wa kawaida ukiuvuta hukatika, bali maji hayakatiki. Hufuata umbo la chombo, na chombo kikipinda nayo hupinda. Hii ndiyo hekima ya kutia kitu cha maji ndani ya mpira.

Lakini mpira hupasuka. Na neli yenye zebaki ikipasuka juu ya kitanda cha mgonjwa, sumu ile ile iliyowatetemesha watu wa Idrija imeingia wodini.

Kutafuta maji mengine

Basi wataalamu walitafuta kitu kingine cha kutia ndani ya mpira. Mwaka 1875, Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran alivumbua madini yaitwayo galiamu, ambayo huyeyuka penye joto la nyuzi 30 hivi, hata kiganja cha mkono chatosha kuyayeyusha. Yakichanganywa na madini mengine yaitwayo indiamu, robo tatu kwa robo, huwa maji hata penye baridi ya nyuzi 16. Hayatoi mvuke wa sumu kama zebaki. Katika chuo cha Harvard, mjini Cambridge huko Marekani, Yong-Lae Park na wenzake walieleza mwaka 2012 jinsi walivyotengeneza ngozi ya mpira yenye vijia vidogo ndani yake, vimejazwa mchanganyiko huo, hata ngozi ikaweza kuhisi ikivutwa na ikibonyezwa.

Ni kazi nzuri, ila madini hayo ni ghali. Tena galiamu hula alumini: tone likikaa juu ya sufuria ya alumini lililokwaruzwa, laweza kuifanya iwe dhaifu na kumeguka. Si kitu cha kuwekwa jikoni.

Chumvi ya jikoni

Hapo ndipo wengine waliporudi kwenye kitu kilicho rahisi kuliko vyote. Chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika katika chembe ndogo zenye umeme, na chembe hizo huweza kuuchukua umeme toka upande mmoja hata upande wa pili. Maji ya chumvi hayapitishi umeme vizuri kama zebaki. Zebaki huyashinda maji ya bahari zaidi ya mara 100,000. Je, kwa hiyo hayafai? La, hayo huwa ni faida. Neli ya zebaki ya sentimeta 20 yenye tundu la nusu milimeta ina kizuizi cha karibu omu 1 tu, nacho hutaka chombo cha ustadi na cha bei ili kusomwa. Neli ya urefu ule ule, yenye tundu la milimeta 2 na maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, ina kizuizi cha kama omu 12,700. Ukiivuta hata sentimeta 22, huwa kama 15,400. Badiliko kubwa namna hiyo husomwa na chombo cha bei ndogo.

Vifaa vyake ni hivi: neli laini ya silikoni, maji safi, chumvi, gliserini ile ile ya kupaka ngozi, vipande viwili vya waya usioshika kutu, na kibao kidogo cha kompyuta. Kimoja cha vibao hivyo, kiitwacho Arduino, kilianzia mji wa Ivrea huko Italia mwaka 2005, nacho kilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Siku hizi shule nyingi duniani hukitumia.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa hiyo yako mambo manne ambayo mtengenezaji hana budi kuyaangalia, la sivyo kihisi chake kitasema uongo.

La kwanza ni umeme wenyewe. Ukiupitisha upande mmoja tu, chembe za chumvi hukusanyika penye waya, mapovu hutokea, waya huliwa, na hesabu huharibika. Dawa yake ni kuugeuza umeme upande huu na upande ule, mara nyingi sana kila sekunde. Kibao kikipewa maagizo hufanya hivyo chenyewe.

La pili ni kukauka. Silikoni yaonekana haina tundu, kumbe mvuke wa maji hupenya polepole, na baada ya siku chache mapovu ya hewa huingia. Ndiyo sababu hutiwa gliserini, ambayo huyashika maji yasikimbie. Lakini ikizidi, umeme hupita kwa shida.

La tatu ni joto. Maji ya chumvi yakipata joto, kizuizi chake hupungua, kama sehemu 2 katika 100 kwa kila nyuzi moja. Kihisi kilichopimwa asubuhi ya baridi hakitasema sawasawa saa nane ya jua kali. Kwa hiyo lazima kupima joto pia, au kuhesabu mwendo tu wa kupanda na kushuka, pasipo kuangalia kiasi.

La nne ni usalama. Kibao kitumie betri ndogo tu. Asithubutu mtu kuunganisha maji ya chumvi na umeme wa ukutani.

Faida yake kwa nyumba zetu

Mtu atauliza, sisi wa kijijini yatuhusu nini? Tufikiri juu ya mtoto mwenye nimonia. Wahudumu wa afya hufundishwa kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi katika dakika, na wa mwaka mmoja mpaka mitano akivuta mara 40 au zaidi, ni dalili ya hatari. Mama asingoje kesho, ampeleke zahanati. Lakini kuhesabu kifua cha mtoto anayelia na kujipindapinda si kazi nyepesi, hata kwa mhudumu aliyezoea. Utepe laini unaohesabu wenyewe ungemfaa sana, na ikiwa vifaa vyake ni chumvi na neli, bei yake isingekuwa kikwazo.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kihisi kilichotengenezwa darasani ni cha kujifunzia. Hakiwekwi juu ya mtoto mgonjwa, wala mpira haufungwi kifuani mwa mtoto mchanga. Chombo cha hospitali hupimwa kwanza kwa watu wengi na kwa muda mrefu. Vijana wetu waanze kwa kukishona juu ya kidole cha glavu, waone hesabu ikipanda kila kidole kipindapo. Hapo wamejifunza fizikia, kemia na hesabu kwa mara moja, kwa mikono yao wenyewe, na ndivyo mafundi wanavyopatikana.

Na kwa habari ya zebaki, mataifa yalipatana mwaka 2013 huko Japani katika Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ili kuipunguza na kuiondoa katika kazi za watu. Tanzania nayo imeuridhia. Lakini mkataba wa karatasi haufiki wenyewe penye jiko la mkaa ambalo kijana wa machimbo amewekea donge lake la dhahabu na zebaki, mkewe akipika pembeni na mtoto mgongoni. Mvuke ule ndio ule wa Idrija. Asiyeweza kuiacha zebaki leo, basi asiichome nyumbani kamwe. Atumie chombo kilichofungwa ambacho huurudisha mvuke uwe maji tena, tena mahali pa wazi, mbali na watoto na kisima, na kinamama wenye mimba wasikaribie.

Watu wa Idrija walihitaji miaka 500 mpaka mgodi wao unyamaze. Ile kazi ya neli ya mpira imekwisha kupata mbadala, nao ni chumvi na maji. Zipo kazi nyingine za zebaki zinazongoja mbadala wake, na atakayeuona aweza kuwa mtoto aliyeketi leo katika darasa la kijiji chochote, akiuliza kwa nini maji ya chumvi hupitisha umeme. Wazazi na walimu, tusimnyamazishe.